Algarve kwa miguu, mwezi wa pili

Wengi mnaniuliza huku kusini mwa Ureno nafanya nini zaidi ya kusoma na kutetemeka. Natembea. Mwezi wa pili huku ndio mwanzo wa majira ya kuchipua. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini bado wanasukuma theluji mlangoni, lakini huku milozi imeshatoa maua na mchana jua linafika nyuzi 16 au 17. Kwa mtu wa Tanga hiyo bado ni baridi, tusidanganyane, navaa koti na soksi mbili. Ila kwa kutembea hakuna hali ya hewa nzuri kama hii. Hutoki jasho, njia hazina vumbi, na wale watalii ambao mwezi wa nane hujaa mpaka unashindwa kupita hawajafika bado. Miji inabaki ya wenyewe. Wazee wanarudi kwenye mabenchi yao juani, na wewe mgeni unaweza kusimama mbele ya ukuta mmoja nusu saa bila mtu kukusukuma.

Kwa hiyo kila Jumamosi nakwenda stesheni ya Faro, napanda treni ya mkoa, nashuka kwenye mji wowote mdogo, nazunguka mpaka miguu ikatae. Mara nyingi naongozana na jamaa mmoja wa Msumbiji tunayesoma naye, mtu wa Pemba kule Cabo Delgado. Bibi yake anaongea Kimwani, lugha ambayo ukiisikia unadhani ni Kiswahili kilichopotea njia. Yeye Kireno kwake ni maji, ndiye anayenisomea vibao. Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, kama mnavyonijua.

Tuanze na jina la mkoa wenyewe. Algarve ni Kiarabu: al-Gharb, magharibi. Ni shina lilelile tunalolitumia sisi tukisema Afrika Magharibi au tukienda kuswali magharibi. Waislamu walivuka kuingia rasi ya Iberia mwaka 711, na kwa zaidi ya miaka 500 huku ndiko kulikuwa magharibi ya Andalusi. Wafalme wa Kikristo wakashuka kutoka kaskazini mji baada ya mji, hadi Afonso III alipouchukua Faro mwaka 1249. Kuanzia hapo wakajiita wafalme wa Ureno na Algarve, kana kwamba ni nchi mbili. Cheo hicho kilidumu mpaka ufalme wenyewe ulipoangushwa mwaka 1910. Ukipita kwa treni unaona Kiarabu kimebaki kwenye vibao vya stesheni. Albufeira, ule mji wa hoteli ambao Waingereza wanaupenda, ni al-buhayra, "bahari ndogo" au ziwa. Neno bahari mnalijua. Basi nikajikuta napita nchi ya Ulaya nikisoma majina kwa Kiswahili changu cha kawaida, bila kamusi.

Faro nitaupitia haraka kwa sababu ndipo ninapoishi, na mji unaoishi huuoni vizuri. Mji mkongwe uko ndani ya kuta, unaingia kwa tao la mwaka 1812 ambalo juu yake korongo weupe wamejenga viota vikubwa kama matenga. Mwezi wa pili wako kwenye pilika, wanagonga midomo kama mtu anayepiga vijiti. Pita chini ya tao, geuka kando, utaona lango la zamani la Waarabu, lile tao lenye umbo la kwato ya farasi. Wengi wanalipita bila kuligundua. Humu Faro ndimo kilimochapwa kitabu cha kwanza kinachojulikana kuchapwa Ureno, nacho hakikuwa cha Kireno wala cha Kilatini. Ilikuwa ni Torati kwa Kiebrania, iliyochapwa na Samuel Gacon mwaka 1487. Miaka 10 tu baadaye mfalme Manuel I aliwalazimisha Wayahudi wa Ureno kubatizwa. Mlikumbuke jina la Manuel, tutakutana naye tena. Halafu mwaka 1596 Waingereza chini ya bwana wa Essex wakaupora mji, wakabeba maktaba ya askofu, vitabu vyake vikaishia Oxford. Yaani hata waporaji huporwa.

Olhão ni dakika 10 kwa treni upande wa mashariki. Ni mji wa wavuvi, nyumba zake nyeupe kama maboksi yaliyopangwa, paa bapa, ngazi nje za kupanda juu. Jamaa yangu alipouona alisema, "Mano, hapa ni Ibo hapa," akimaanisha kisiwa cha kwao. Mimi nikafikiria Lamu. Kisa cha Olhão ninachokipenda ni cha mwaka 1808. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameiteka Ureno na familia ya kifalme ilikuwa imekimbilia Brazil. Mwezi wa sita watu wa Olhão wakawafukuza Wafaransa, kisha wavuvi wachache wakaingia kwenye mashua yao, Bom Sucesso, wakavuka Atlantiki mpaka Rio de Janeiro kumpelekea mtawala habari. Mashua ya uvuvi! Kijiji kikapewa hadhi ya mji kwa sababu ya safari hiyo. Mfano wa mashua hiyo umetengenezwa, unaweza kuuona gatini, na ukiuona utasema hao watu walikuwa na wazimu kidogo.

Sasa Tavira. Hapa ndipo Kiswahili kilinishika shati. Tavira ni mji mzuri kuliko yote ya mkoa huu, hilo nalisema bila kupepesa. Mto Gilão unaukata katikati na juu yake kuna daraja la matao 7 linaloitwa la Warumi, ingawa utafiti umeonyesha si la Warumi. Hili la sasa ni kazi ya karne ya 17 juu ya daraja la zamani zaidi. Milango mingi ina wavu wa mbao, unamwona mpita njia na yeye hakuoni. Nje ya mji kuna mashamba ya chumvi, nayo mwezi wa pili yamejaa maji tu kwa sababu chumvi huvunwa kiangazi, na ndani yake wanasimama heroe, wale ndege wa pinki kama wa Ziwa Natron.

Tulikuwa tumepumzika benchi moja karibu na mto. Benchi la jirani wazee wanne wanacheza karata. Sikuwa nawasikiliza, Kireno cha Algarve kinamezwa nusu. Mara mzee mmoja anapiga meza: "Trunfo! Copas!" Nikageuka. Wadau, mimi nimekulia likizo zangu Pangani kwa babu, barazani jioni wazee wanacheza karata, na kila jioni nilisikia sauti ileile: turufu kopa! Nikamwuliza jamaa yangu aina za karata kwa Kireno. Akataja: copas, ouros, paus, espadas. Sisi tunasema kopa, uru, pau, shupaza. Turufu ni trunfo. Karata yenyewe ni carta. Na meza waliyoipiga ni mesa.

Darasani tuliwahi kufundishwa orodha ya maneno ya Kireno kwenye Kiswahili: meza, bendera, leso, mvinyo, foronya. Orodha hiyo inakaririka kwa mtihani na inasahaulika. Ila karata ni kitu kingine. Bendera na bunduki mtu analetewa kwa nguvu. Karata lazima mkae chini pamoja, mfundishane, mcheke, mmoja aibe, mwingine amshike. Kwa hiyo katika karne mbili za Wareno kwenye pwani yetu, tangu 1498 hadi Fort Jesus ilipoanguka mwaka 1698, kulikuwa pia na jioni ndefu ambazo askari wa kutoka miji kama hii alikaa na mtu wa Mombasa au Pate wakagawana karata. Hakuna mwanahistoria aliyeandika jioni hizo. Zimebaki mdomoni mwa babu yangu. Nilitaka kuwaeleza wale wazee lakini Kireno changu kilikuwa hakijafika huko, na jamaa yangu akasema niwaache wacheze, mmoja alikuwa anakaribia kufungwa.

Twende Silves. Huu uko ndani kidogo, juu ya mto Arade, na stesheni iko kama kilomita mbili kutoka mjini. Wengi wanalalamika kuhusu hizo kilomita mbili. Mimi nasema ndizo bora kuliko zote katika matembezi yangu. Pande zote ni michungwa iliyolemewa, kwa sababu machungwa ya huku huvunwa kipindi hiki cha baridi. (Kwa Waarabu chungwa linaitwa burtuqal, yaani "Ureno", kwa sababu Wareno ndio waliolisambaza chungwa tamu. Fikiria tunda kuitwa jina la nchi yako.) Kwenye miteremko kuna milozi. Huu si mkungu wetu wa pwani, ni mti mdogo mweusi, mkavu, usio na hata jani moja, halafu umejaa maua meupe na ya pinki utadhani mtu kaupaka. Wenyeji wana hadithi kwamba mfalme mmoja Mwarabu alioa binti wa kaskazini, binti akaumwa kwa kuikumbuka theluji ya kwao, mfalme akaamuru milozi ipandwe mpaka upeo wa macho. Mwezi wa pili binti akafungua dirisha, akaona nchi nzima nyeupe, akapona. Hadithi tu, lakini ukisimama pale unaielewa.

Chini ya milozi hiyo ardhi yote imefunikwa na maua ya njano, mashina yake membamba, watoto wa huku huyatafuna kwa kuwa yana uchachu. Nilidhani ni ua la kwao tangu enzi, maana limejaa kila mahali na kwenye kila kadi ya posta. Kumbe ni la Afrika Kusini. Lililetwa Ulaya, likapenda hali ya hewa, na sasa haliondoki. Lina vitunguu vidogo chini ya udongo, mkulima aking'oa ua, vitunguu vinabaki na mwakani linarudi. Wakulima wanalilaani, wapiga picha wanalishukuru.

Silves wenyewe ni mwekundu. Ngome, kanisa kuu, nusu ya kuta, vyote ni mawe mekundu ya pale pale na udongo ulioshindiliwa katikati ya mbao mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Katika karne ya 11 na 12 huu ndio ulikuwa mji mkubwa wa al-Gharb, Waarabu wakiuita Shilb, na mashua zilipanda mto kutoka baharini mpaka chini ya kuta. Al-Mu'tamid, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Sevilla na mmoja wa washairi wakubwa wa Andalusi, alipewa kuutawala akiwa kijana. Mwisho wake ulikuwa mbaya: aliwaita Wamurabitun kutoka Morocco wamsaidie dhidi ya Wakristo, wakamsaidia kweli mwaka 1086, kisha mwaka 1091 wakamng'oa na yeye. Alifia uhamishoni Aghmat, Morocco, mwaka 1095. Silves leo wana uwanja wenye jina lake, na nilifurahi kuuona.

Lakini ukipanda ngomeni, anayekupokea langoni ni mwingine: sanamu kubwa ya mfalme Sancho I akiwa na upanga. Huyu mwaka 1189 alikuja na wapiganaji wa Vita vya Msalaba kutoka kaskazini ya Ulaya, ambao walikuwa njiani kwenda Mashariki, wakauzingira mji kiangazi chote. Mji haukushindwa kwa upanga, ulishindwa kwa kiu. Adui walipoziba njia ya maji watu wakaanza kufa, ikabidi wasalimu amri mwezi wa tisa, na wale wapiganaji wakapora kila kilichokuwemo. Miaka miwili baadaye, 1191, Wamuwahidun wakaurudisha. Ukaja kuchukuliwa moja kwa moja katikati ya karne iliyofuata. Ndani ya ngome bado lipo tangi kubwa la maji chini ya ardhi, lenye matao, na kwenye makumbusho ya chini mjini kuna kisima cha karne ya 12 chenye ngazi za kuzunguka zinazoshuka mpaka chini. Nilishuka kwa macho tu, giza lake si la mchezo. Mbele ya kisima kile unaelewa kiangazi cha 1189 kuliko mbele ya sanamu yoyote.

Baadaye mto ukajaa tope, meli zikashindwa kupanda, biashara ikahama, na mwaka 1577 hata kiti cha askofu kikahamishiwa Faro. Ndiyo maana Silves ni mji mdogo leo. Bandari ikifa mji haubomoki, unalala. Watu wa Kilwa na Pangani mtanielewa.

Kanisa kuu la Silves lilinikumbusha neno lingine. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na wataalamu wa lugha wanasema ndilo lililozaa gereza letu. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao, jina likahamia kwenye ngome, na ngome zikaja kutumika kufungia watu. Fort Jesus ilikuwa gereza la Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Pale Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo. Jamaa yangu aliposikia hayo alicheka sana, kisha akanyamaza, akasema bibi yake ni Mwislamu na angesema hakuna cha kushangaza hapo.

Nimeiacha Lagos mwisho. Si Lagos ya Nigeria, hii ni ndogo, mwisho wa reli upande wa magharibi. Unavuka mto kwa daraja la miguu, unafika barabara nzuri ya ufukweni yenye mitende, jina lake Avenida dos Descobrimentos, Barabara ya Ugunduzi. Mwisho wake kuna ngome ndogo ya karne ya 17, Ponta da Bandeira. Bandeira ni bendera, nadhani sasa mnaanza kukisoma Kireno wenyewe. Kwenye uwanja mkuu ameketi Infante Henrique kwa shaba, anatazama bahari. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1960, enzi za Salazar, kuadhimisha miaka 500 ya kifo chake. Huyu ndiye mwana wa mfalme aliyetuma meli kushuka pwani ya Afrika. Mwenyeji wa Lagos, Gil Eanes, ndiye aliyefanikiwa kuipita rasi ya Bojador mwaka 1434, na baada ya hapo njia ikawa wazi.

Hatua chache kutoka kwa Henrique, pembeni mwa uwanja huohuo, kuna jengo la ghorofa moja lenye matao chini. Kibao kinasema Mercado de Escravos, Soko la Watumwa. Jengo lenyewe ni la karne ya 17, kwa hiyo halikuwepo siku ninayotaka kuisema. Siku hiyo ni 8 Agosti 1444. Meli za Lançarote de Freitas zilikuwa zimerudi kutoka visiwa vya Arguin, pwani ya Mauritania ya leo, na watu 235 waliokamatwa. Asubuhi mapema, kabla ya joto, wakashushwa na kupelekwa kwenye uwanja nje ya lango la mji wagawanywe. Habari hizi tunazo kwa sababu Gomes Eanes de Zurara, mwandishi wa kumbukumbu za mfalme, aliziandika miaka michache baadaye katika kitabu cha kumsifu Henrique. Lakini kalamu ilimponyoka. Aliandika walivyolia, walivyotazama mbinguni, mama walivyolala juu ya watoto wao wasinyang'anywe, ndugu walivyotenganishwa ili mafungu yawe sawa. Watu wa mji waliacha kazi zao kuja kutazama. Henrique alikuwepo juu ya farasi wake, na fungu lake, moja ya tano, lilikuwa watu 46. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni Dar. Nikiwa pale uwanjani nilimwangalia Henrique wa shaba, nikaangalia matao, nikapima kwa hatua. Ni karibu mno. Unaweza kurusha embe kutoka mmoja hadi mwingine.

Ndani ya jengo sasa kuna makumbusho madogo ya njia ya utumwa. Si makubwa, lakini yapo, na sababu moja ya kuwepo kwake ni mambo yaliyotokea mwaka 2009. Mwaka huo wakichimba ili kujenga maegesho ya magari nje ya kuta za zamani, mahali panapoitwa Vale da Gafaria, walikuta jalala la karne ya 15 na kuendelea. Ndani ya jalala, katikati ya mifupa ya wanyama na vyungu vilivyovunjika, kulikuwa na mifupa ya watu zaidi ya 150. Waafrika. Wengine meno yao yalikuwa yamechongwa kwa desturi za kwao. Wengine inaonekana walitupwa wakiwa wamefungwa. Kulikuwa na wanawake, kulikuwa na watoto. Mifupa ikatolewa, ikapelekwa Coimbra kuchunguzwa, na maegesho yakajengwa kama ilivyopangwa. Juu yake ikatengenezwa bustani yenye gofu ndogo, ile ya familia, ya kupigia mpira kwenye vishimo vya kuchezea.

Tulipatembelea. Ni mwendo mfupi tu kutoka uwanjani, unapanda kidogo. Majani yamekatwa vizuri, maua ya njano yametoka pembeni. Sina hakika nilitegemea kujisikia vipi. Jamaa yangu alisimama, akakunja mikono, akauliza swali moja, "Kwa hiyo waliwahesabu, halafu wakaegesha magari?" Sikuwa na jibu. Nimeambiwa na wenzangu wa hapa chuoni kwamba mji ulihitaji maegesho, kwamba wanaakiolojia walifanya kazi yao, kwamba makumbusho ni bora kuliko kimya. Yote ni kweli. Ila mimi nimezunguka mkoa huu wiki nyingi na nimeona wanavyojua kutunza kitu wakitaka. Wamejenga makumbusho kuzunguka kisima kimoja cha Silves. Faro kuna kikanisa cha mwaka 1816 ambacho kuta zake zimepangwa mafuvu ya watawa zaidi ya 1,000, na watu wanalipa kiingilio na kuongea kwa sauti ya chini. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba kutunza mifupa haikuwezekana. Walichagua.

Kuna watakaosema hao walikuwa watu wa Afrika Magharibi, sisi wa pwani ya mashariki inatuhusu nini. Inatuhusu. Vasco da Gama mwaka 1497 aliondokea Lisbon, si hapa, hilo ni kweli. Lakini aina ya meli, ramani, mikopo ya wafanyabiashara, na ile tabia ya kufika bandari ya watu na kudai fungu, vyote vilifanyiwa mazoezi Lagos miaka 50 kabla. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, da Gama alifika Kilwa na meli nyingi, akamtishia Amiri Ibrahim kwamba ataupiga mji kwa mizinga, na akaondoka na mithkali 1,500 za dhahabu kama kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja kuupora kabisa, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa. Ile dhahabu ya 1502 ilifika kwa Manuel, yuleyule wa Faro, naye akaamuru itengenezwe monstransi, chombo cha kanisa cha kuonyeshea Ekaristi. Ilimalizika mwaka 1506. Ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya sanaa ya zamani Lisbon, inang'aa, na kwenye kitako chake wameandika wazi kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kwa Kireno cha siku hizo, jina la Kilwa limo.

Likizo ya Pasaka nakwenda kuiona, tiketi ya basi nimeshakata. Kabla ya hapo nina ombi kwa watu wa akiolojia hapo Mlimani, hasa mliokwenda Kilwa Kisiwani kwa mafunzo ya vitendo. Naomba mniambie kibao cha pale kwenye Gereza kinasema nini kuhusu mwaka 1502 na ile dhahabu, kama kinasema chochote. Picha ikiwepo ni bora zaidi. Nataka niwe nayo mkononi nikiwa mbele ya kile kitako cha Lisbon, nisome yote mawili kwa pamoja.

Haya, kesho kipindi saa mbili asubuhi, na Jumamosi tunajaribu Castro Marim, mpakani kabisa. Jamaa yangu anasema safari hii nibebe karata.